Taa ya Adapta Iliwaka, Runinga Ikabaki Nyeusi: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Mwalimu mmoja wa biolojia ninayefanya naye kazi ana wanafunzi zaidi ya 40 na hadubini moja. Kila alipofundisha viumbe wadogo wa majini, wanafunzi walipanga foleni, kila mmoja akainama juu ya lenzi kwa sekunde chache, akasema ameona, akampisha mwenzake. Mwalimu hakuwa na njia ya kujua kama kilichoonekana kilikuwa paramesiamu au kivuli cha kope za mwanafunzi mwenyewe. Siku moja aliegemeza kamera ya simu yake juu ya lenzi ya kutazamia, akavuta pumzi ili mkono usitikisike, na kwenye kioo cha simu kiumbe kile kikatokea kikiogelea ndani ya duara la mwanga, kikubwa kama punje ya mchele. Pale pale akaitazama runinga iliyotundikwa ukutani mwa darasa. Ikiwa kioo cha simu kingeweza kuonekana kule juu, foleni ingekwisha, naye angeweza kuweka kidole juu ya picha na kusema: hiki hapa, kitazameni.

Kwa bahati mbaya runinga ile haina uwezo wa kupokea picha bila waya. Ina matundu mawili ya HDMI mgongoni, yale ya kupokelea picha na sauti kwa waya, na tundu moja la USB ubavuni, basi. Njia iliyobaki ilikuwa waya. Simu yake ilikuwa mpya, ya daraja la kati, yenye tundu la Taipu C chini, na kwa akili ya kawaida ya mtu yeyote, simu mpya na tundu jipya ni dalili ya kutosha kwamba kazi itafanyika. Aliponifikia alikuwa amekwisha kutumia majuma matatu, amenunua vitu vitatu, na amefikia hatua ya kuamini kwamba yeye ndiye asiyejua kutumia simu. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nikae chini na kukichambua kisa hiki kwa ukamilifu, kwa sababu hakukosea popote. Kila hatua aliyoichukua ilikuwa ya busara kwa kadiri ya alichoelezwa.

Jaribio lake la kwanza lilikuwa rahisi: alichukua waya wa chaja, upande mmoja akauchomeka kwenye simu, upande wa pili kwenye tundu la USB la runinga. Simu ikaanza kuchaji polepole, runinga ikakaa kimya. Watu wengi huanzia hapa, na wengi huishia hapa. Tundu la USB la runinga limewekwa ili lisome mafaili yaliyomo kwenye flashi. Halikuwekwa kupokea picha kutoka kwenye kifaa kingine. Runinga hutarajia kukuta diski ya kawaida iliyopangwa kwa mfumo inaoufahamu, kama FAT32, kisha isome orodha ya video na picha. Simu nyingi za Android za leo hazijitambulishi kama diski. Hutumia utaratibu mwingine uitwao MTP, ambao runinga nyingi haziuelewi. Hata pale ambapo runinga na simu zingeelewana, mwalimu angepata orodha ya video alizokwisha kurekodi. Asingepata kile kinachotembea chini ya lenzi kwa wakati ule. Kuhusu chaji kuingia polepole, tundu la USB 2.0 kwa kawaida hutoa miliampea 500, kiasi kidogo kuliko chaja yoyote ya simu ya siku hizi.

Jaribio la pili ndilo kiini cha kisa hiki. Alinunua adapta ndogo yenye kichwa cha Taipu C upande mmoja na tundu la HDMI upande mwingine, pamoja na waya wa HDMI. Alipoichomeka kwenye simu, taa ndogo ya buluu iliwaka kwenye adapta. Akachagua HDMI 1 kwa rimoti. Runinga, ambayo mwanzoni ilikuwa ikionyesha maandishi ya kumtaka aangalie waya, ikabadili ujumbe na kuandika "No Signal". Alichukulia mabadiliko hayo kuwa ni dalili njema, na ninamwelewa kabisa: taa imewaka, runinga imeitikia, kimebaki kitu kidogo tu. Alikitafuta kitu hicho kidogo kwa jioni tatu. Aligeuza kichwa cha Taipu C juu chini. Alihamia HDMI 2. Aliizima simu na kuiwasha. Aliingia kwenye mipangilio iliyofichwa ya waunda programu, akawasha na kuzima vitu ambavyo hakuvijua. Muuzaji alimwambia waya wa HDMI ndio mbovu, akanunua mwingine. Waya wa pili nao ulipotoa matokeo yale yale, aliuziwa kifaa cha tatu: waya wenye vichwa vitatu, kimoja cha simu, kimoja cha HDMI na kimoja cha USB cha kuupa umeme, na kwenye kifungashio chake yameandikwa maneno MHL. Nao ukawaka taa. Runinga ikabaki nyeusi.

Nilipoletewa vitu vile sikugusa mipangilio ya simu hata mara moja. Picha inayotoka kwenye simu kwenda kwenye runinga hupita viungo vinne: simu, adapta, waya wa HDMI, na runinga yenyewe. Kiungo kimoja kikiwa hakifanyi kazi, matokeo huwa yale yale, runinga nyeusi, na kwa hiyo runinga nyeusi haimwambii mtu ni kiungo kipi chenye kasoro. Mwalimu alikuwa akibadili kitu kimoja huku akiviacha vingine vitatu bila uhakika. Nami nilitaka kinyume chake: kila kiungo kipimwe kikiwa kimeunganishwa na kitu ambacho kinajulikana kwamba kinafanya kazi.

Nilichukua kisimbuzi kilichokuwapo, nikakiunganisha kwenye HDMI 1 kwa ule waya wa kwanza, uliodaiwa kuwa mbovu. Picha ikatokea. Kwa tendo hilo moja, waya na runinga vikawa vimeondolewa kwenye tuhuma kwa pamoja, na waya wa pili ukathibitika kuwa ulinunuliwa bure. Kisha nikauacha waya pale pale ulipo upande wa runinga, nikatoa kisimbuzi, nikaweka adapta ya mwalimu, na kwenye adapta nikachomeka simu yangu, ambayo nilikwisha kuitumia mara nyingi kutoa picha. Sekunde tatu au nne zikapita, runinga ikapepesa, kioo cha simu yangu kikatokea ukutani. Adapta nayo ikawa salama. Nikachomoa simu yangu, nikachomeka ya mwalimu bila kugusa kitu kingine chochote. "No Signal." Kazi yote haikuzidi dakika 15, na ilibakiza jibu moja tu.

"Lakini hii simu ni mpya kuliko yako," mwalimu aliniambia. Ilikuwa kweli, na swali lililokuwa ndani ya maneno yale lilistahili jibu la heshima. Kwa nini tundu lenye umbo lile lile, katika simu mpya zaidi, likatae kazi ambayo tundu la simu kuukuu linaifanya? Na ile taa je?

Nianze na tundu. Muundo wa Taipu C ulitangazwa mwaka 2014, nao una pini 24 zilizopangwa safu mbili, ili kichwa kiweze kuingia upande wowote. Pini hizo hazina kazi moja. Zipo za umeme na za ardhi. Zipo mbili ziitwazo CC, ambazo kazi yake ni mazungumzo: kupitia hizo vifaa huulizana nani anatoa umeme, kiasi gani, na kama kuna kazi nyingine ya ziada inayowezekana. Zipo za data ya kawaida ya USB 2.0, zile za kuhamishia mafaili kwenda kwenye kompyuta. Kisha kuna jozi nne za mwendo kasi, pamoja na pini mbili za pembeni ziitwazo SBU. Mwaka huo huo wa 2014, shirika la VESA, linalosimamia DisplayPort, yaani lugha ya kupitishia picha kwenda kwenye kioo cha nje, lilitangaza utaratibu wa kuziazima jozi hizo za mwendo kasi, mbili au zote nne, ili zibebe picha ya DisplayPort badala ya data, huku SBU zikibeba mawasiliano madogo kati ya simu na kioo cha nje. Adapta ya Taipu C kwenda HDMI, ya aina aliyoinunua mwalimu, haitengenezi picha. Inaipokea picha ambayo simu imekwisha kuitoa kwa lugha ya DisplayPort, inaitafsiri kuwa HDMI, basi.

Sasa mtengenezaji wa simu halazimiki kuziunganisha pini zote 24. Anayetaka kupunguza gharama anaweza kuunganisha umeme, CC na data ya USB 2.0 peke yake, na jozi za mwendo kasi akaziacha bila kuzifikisha popote. Simu hiyo itachaji vizuri, itasoma flashi, itapokea spika za waya. Kwa nje, tundu lake halitofautiani hata kidogo na la simu nyingine. Hivyo ndivyo ilivyokuwa simu ya mwalimu. Ukurasa wake wa sifa za kiufundi ulisema "USB Type-C 2.0" na hapakuwa na neno DisplayPort wala maelezo yoyote ya kutoa picha. Hakuna mpangilio wa kuwasha, kwa sababu hakuna njia ya waya ndani ya simu ambayo mpangilio huo ungeiwasha. Zile jioni tatu alizozitumia kwenye mipangilio iliyofichwa zilikuwa jioni za kuutafuta mlango katika ukuta usio na mlango, na hakuna aliyemwambia hivyo, ingawa aliuliza.

Taa ya buluu ilikuwa inasema ukweli, ila ukweli mdogo kuliko ulivyoeleweka. Adapta ilipochomekwa, simu iliitambua kwa pini za CC kuwa ni kifaa kinachohitaji umeme, ikaipa volti 5. Umeme ukifika, taa huwaka. Kisha adapta, kwa mujibu wa muundo wa HDMI, hupitisha volti 5 katika pini ya 18 kuelekea kwenye runinga, na runinga ikiuona umeme huo hujua kwamba kuna kitu kimechomekwa. Ndiyo maana ujumbe ulibadilika kutoka ule wa kuangalia waya kwenda ule wa kukosa ishara. Runinga ilikuwa ikisema, kwa usahihi kabisa, kwamba waya umefika lakini picha haijafika. Laiti mtu angemsomea mwalimu maneno hayo kwa maana hiyo siku ya kwanza, asingeununua waya wa pili.

Hapa ni lazima niwe mwangalifu, maana watu wakishaelewa jambo hili hupenda kulifanya kanuni: USB 2.0 haina picha, USB 3 ina picha. Haikai hivyo. iPhone 15 ya mwaka 2023, ile ya kawaida, huhamisha data kwa mwendo wa USB 2.0 na bado inatoa picha ya DisplayPort kupitia tundu lake la Taipu C bila shida. Kwa upande mwingine, Google Pixel kwa miaka mingi zilikuwa na tundu la mwendo kasi lakini hazikutoa picha kwa waya. Pixel 8 ndiyo iliyofunguliwa, kwa sasisho la programu la mwaka 2024. Kwa hiyo namba ya USB ni dalili, na uthibitisho ni neno DisplayPort, au sentensi inayosema wazi kwamba simu inatoa picha kwa HDMI au kwa kioo cha nje, katika maelezo ya mtengenezaji wa simu hiyo hiyo, si ya ile inayofanana nayo jina. Simu mbili za familia moja, zenye herufi moja tu ya tofauti mwishoni mwa jina, zinaweza kutofautiana katika jambo hili. Kuna pia njia ya kupima isiyohitaji kusoma chochote, nayo ni kuazima adapta inayojulikana kuwa nzima na kuichomeka kabla ya kutoa fedha. Muuzaji anayekataa jaribio hilo ametoa jibu tayari.

Waya wenye vichwa vitatu nao una historia yake, na bila historia hiyo mtu hawezi kuelewa kwa nini bado unauzwa kwa watu wasiouhitaji. Zamani kidogo, simu zilitoa picha kwa njia nyingine kabisa: Nokia N95 ya mwaka 2007 ilitumia tundu la spika za masikioni, na waya wake ulikuwa na vichwa vitatu vya njano, cheupe na chekundu. Mwaka 2010 kampuni za Nokia, Samsung, Silicon Image, Sony na Toshiba ziliunda muungano wa MHL, ambao ulipitisha picha ya HDMI katika tundu dogo la microUSB. Samsung Galaxy S II ya mwaka 2011 ilikuwa miongoni mwa simu zilizoutumia. Galaxy S III ya mwaka uliofuata ilibadili mpangilio wa pini, na adapta ya simu ya kwanza haikufaa tena katika ya pili bila kipande cha katikati. Kufikia Galaxy S6 ya mwaka 2015, MHL ilikuwa imekwisha kuondolewa. Kichwa cha USB cha kuupa waya umeme ni mabaki ya zama hizo, kwa kuwa adapta nyingi za MHL zilihitaji umeme wa nje. Waya wa mwalimu ulikuwa umebadilishwa kichwa tu na kuwekwa Taipu C. Jina MHL kwenye kifungashio halikuwa na maana yoyote kwa simu yake, ambayo haikuwahi kuwa na MHL. Umeme wa ziada usingesaidia, kwa sababu tatizo halikuwa umeme.

Baada ya kumweleza hayo, swali lake la pili lilikuwa la vitendo: je, simu hii haiwezi kabisa? Ipo njia ya mzunguko, na niliijaribu mbele yake kwa sababu ninacho kifaa chake. Kuna adapta za aina ya DisplayLink ambazo hazitegemei zile jozi za mwendo kasi. Simu huwekwa programu, programu hukinasa kioo cha simu, hukibana, na kukituma kama data ya kawaida ya USB. Chipu iliyomo ndani ya adapta hukifungua na kukigeuza kuwa HDMI. Ugumu wake unaonekana kwa hesabu rahisi. Picha ya vitone 1,920 kwa 1,080, yenye biti 24 kwa kila kitone, ikibadilishwa mara 60 kwa sekunde, inahitaji karibu gigabiti 3 kila sekunde. USB 2.0 ina megabiti 480, na hizo ni za kwenye karatasi. Picha lazima ibanwe zaidi ya mara sita, na anayeibana ni prosesa ya simu, ambayo wakati huo huo inaendesha kamera. Tulipoiwasha, picha ilikuja, na kwa maandishi au mchoro uliotulia ilikuwa nzuri sana. Mwalimu wa hesabu angeridhika nayo. Lakini paramesiamu huenda kwa kasi, anageuka ghafla, anajizungusha. Kwenye runinga alikuwa akiruka kutoka hapa hadi pale, na mgongo wa simu ukapata joto ndani ya dakika chache. Mwalimu alitazama, akasema taratibu kwamba wanafunzi watafikiri ndivyo kiumbe anavyotembea. Nilikubaliana naye. Chombo cha kufundishia kinachodanganya kuhusu mwendo hakifai kwa somo la mwendo.

Suluhisho lilitoka mahali ambapo hakuna kati yetu aliyekuwa ametazama. Mwalimu alikumbuka kwamba kaka yake ana Galaxy S8 iliyopasuka kioo pembeni, imelala kabatini tangu aliponunua nyingine. Simu hiyo ilitoka mwaka 2017, na tundu lake lina DisplayPort. Siku iliyofuata aliileta ikiwa na vumbi kwenye tundu. Nilitoa vumbi hilo kwa kijiti cha mbao, nikiwa nimeizima kwanza, kwa sababu uchafu ulioshindiliwa chini ya tundu huzuia kichwa kisifike mwisho, na kichwa kisichofika mwisho kinaweza kuchaji huku pini nyingine zikiwa hazijagusana. Tukachomeka adapta ile ile, ya kwanza kabisa, iliyolaumiwa majuma matatu. Runinga ikapepesa. Simu ya zamani iliyopasuka ikaonekana yote ukutani, hata ufa wake haukuonekana, maana ufa uko kwenye kioo wala hauko kwenye picha.

Kazi haikuishia hapo, na sehemu hii ninaieleza kwa kirefu kwa sababu ndipo wengi hukata tamaa baada ya kupata picha. Tuliilaza simu juu ya lenzi ya hadubini, ikiwa imeshikiliwa na kipande cha mpira tulichokikata duara. Simu iliyolala chali haina namna ya kujua upande upi ni juu, na programu ya kamera iliyokuja nayo ilibaki imesimama wima. Kwenye runinga tukapata ukanda mwembamba katikati na weusi mkubwa kila upande. Kioo cha S8 kina uwiano wa 18.5 kwa 9. Kikisimama wima ndani ya picha yenye urefu wa vitone 1,080, upana wake hauzidi vitone 525 hivi kati ya 1,920. Duara la hadubini lilibanwa ndani ya ukanda huo, na mwanafunzi wa nyuma asingeona kitu. Tukaweka programu nyingine ya kamera, ambayo mwonekano wake umelazwa tangu mwanzo, na duara likajaa karibu urefu wote wa runinga. Hapo tukagundua kwamba runinga ilikuwa ikikata kingo za picha kidogo pande zote, tabia iliyorithiwa kutoka enzi za runinga za kichogo; katika menyu ya ukubwa wa picha kulikuwa na chaguo la kuonyesha picha kama ilivyo, tukalichagua, na kingo zikarudi.

Kulikuwa pia na suala la betri. Simu yenye betri ya miaka mingi, inayoendesha kamera na kuilisha adapta umeme kwa wakati mmoja, ingezimika kabla ya kipindi kwisha, na adapta ya mwalimu ilikuwa na tundu la HDMI peke yake. Hapa nilimshauri kununua kitu kimoja cha mwisho, na safari hii kwa sababu iliyo wazi: adapta yenye tundu la pili la Taipu C linalopokea chaja na kupitisha umeme kuelekea kwenye simu. Tuliijaribu kabla ya kulipa, na simu ile ile mkononi. Kisha tukanyamazisha arifa zote za simu, kwa kuwa kila kinachotokea kwenye kioo hutokea pia ukutani, na ujumbe wa zamani wa kaka yake haukuwa somo la biolojia.

Juma moja baadaye mwalimu wa jiografia alisikia habari hizi, akaja kuazima simu ili aonyeshe filamu kutoka kwenye huduma ya kulipia. Menyu ilionekana, sauti ikasikika, lakini filamu ilipoanza picha ikawa nyeusi. Nilimweleza kwamba hapo simu, waya na runinga vyote vinafanya kazi yake. Huduma nyingi za filamu hazitoi picha mpaka kila kifaa kilichopo njiani kithibitishe ulinzi wa kuzuia filamu isinakiliwe, uitwao HDCP, na kiungo kimoja kisichoweza kuuthibitisha, mara nyingi adapta, hutosha kuifunga picha. Weusi huu si ule wa mwanzo, ingawa macho hayawezi kuutofautisha: ule wa kwanza ulifunika kila kitu tangu waya ulipochomekwa, huu unafunika filamu peke yake na kuiacha menyu. Tofauti hiyo ndogo inatosha kumzuia mtu asinunue waya mwingine.

Nilikaribishwa kwenye kipindi cha kwanza, nikakaa kwenye dawati la nyuma. Mwalimu alidondosha tone la maji ya dimbwi kwenye kioo cha slaidi, akalifunika, akaliweka chini ya lenzi na kuzungusha gurudumu taratibu. Ukutani pakatokea ukungu, kisha kingo zikakaza, na paramesiamu akapita kutoka kushoto kwenda kulia bila kurukaruka, akajigonga kwenye kipande cha uchafu, akarudi nyuma, akajaribu upande mwingine. Alipotulia pembeni mwa uchafu ule, mwalimu alisimama karibu na runinga, akaweka kidole juu ya kifuko kidogo chenye mwanga karibu na ncha ya mwili wa kiumbe yule, akaeleza kwamba hapo ndipo kinapokusanya maji yaliyozidi na kuyasukuma nje. Kifuko kikajaa, kikajiminya, kikapotea. Mwanafunzi mmoja akasema "moja". Kikajaa tena, kikajiminya, na safari hii darasa zima likasema "mbili".